Kutoka intani hadi daktari bingwa wa magonjwa ya kuambukiza ukiwa Mombasa: mwongozo kamili

Huu mwongozo ni wako wewe uliye intani, au MO (daktari wa kawaida aliyekwisha sajiliwa), au uko mwaka wa mwisho wa udaktari, unaishi Mombasa au huku Pwani kwa jumla, na moyo wako umependa magonjwa ya kuambukiza. Maswali ninayoletewa huwa ni yale yale: nianzie wapi, nisome miaka mingapi, nani atanilipa, na nikimaliza ntafanya kazi gani manake hapa watu wamezoea daktari wa moyo, wa figo, wa sukari, huyu wa maambukizi hata wagonjwa hawamjui. Ntayajibu yote, lakini kwanza niseme jambo ninaloliamini kuliko mengine yote. Hii kazi haijengwi kwa kukariri dawa. Inajengwa na maswali uliyomuuliza mgonjwa na sampuli uliyoitoa kabla dawa haijaingia mwilini. Ukiwa na hivyo viwili, kipimo cha dawa mwenzako anaweza kukusomea kwenye simu. Usipokuwa navyo, hata ukipewa duka zima la antibayotiki utakuwa unabahatisha tu. Na vyote viwili huna haja ya kungoja feloshipu (mafunzo ya ubingwa wa juu), waanza kesho asubuhi wodini hapo hapo ulipo.

Njia yenyewe kwa ufupi

MBChB (shahada ya udaktari) miaka 6, intani mwaka 1, kusajiliwa na KMPDC (baraza la madaktari la Kenya), kazi ya MO (wengi hufanya miaka miwili mitatu hivi), kisha MMed (shahada ya uzamili ya ubingwa) ya magonjwa ya ndani ambayo ni miaka 3 au 4 kulingana na chuo, ndipo uje feloshipu ya magonjwa ya kuambukiza, miaka 2. Ni safari ndefu. Nakwambia mapema ili ukae na mkeo au mumeo au wazazi mzungumze, manake sehemu kubwa ya hiyo MMed na feloshipu utakuwa Nairobi au Eldoret na familia iko huku.

Walio upande wa watoto wana njia yao ya kupitia MMed ya watoto, hiyo siigusi hapa.

Hatua ya kwanza: usiipoteze miaka ya intani na MO

Wengi huichukulia hii miaka kama ya kusubiri, na hapo ndipo wanapoachwa nyuma. Mombasa ni shule ya maambukizi. Kuna bandari na mabaharia wa kila pembe, kuna malori yanayopanda hadi Uganda, Rwanda na Kongo na kushuka tena, kuna mitaa ambayo kisima kifupi kiko hatua chache kutoka choo cha shimo ndio maana kipindupindu kikija hakikosi pa kuingilia. Malaria ipo. Dengi ilitupiga vibaya 2013 na imekuwa ikirudi, chikungunya ikashika mji mwishoni mwa 2017 kuingia 2018, watu wazima wakawa hawawezi kufunga vifungo vya shati kwa maumivu ya viungo. TB ipo, HIV ipo, homa ya ini ipo. Vuka feri uingie Kwale utakutana na kichocho, na matende na busha ni magonjwa ya ukanda huu tangu zamani. Mpox ya kwanza Kenya iligunduliwa Julai 2024 pale Taveta mpakani, na barabara ya Taveta kupitia Voi inakuja kuishia kwetu.

Kwa hivyo ukiwa MO omba kupangwa mahali ambapo wenzako hawapapendi. Kliniki ya TB. CCC, yaani kliniki ya HIV, ukae na wagonjwa ambao dawa zimewakataa, si wale wanaokuja kuchukua dawa na kwenda tu. Kliniki ya methadoni (dawa ya kuwasaidia waraibu wa heroini) pia, huku Pwani zipo tangu 2015, na huko utajifunza mambo ya homa ya ini aina ya C, vidonda vya kujidunga, na maambukizi ya vali za moyo kuliko kitabu chochote. Ukiwa Makadara, yaani Coast General, jipendekeze kwa kamati ya kuzuia maambukizi hospitalini, huwa inakosa vijana, ukijitolea kuhesabu nani ananawa mikono na nani hanawi utaingia vikao ambavyo MO wa kawaida haviingii.

Weka daftari. Si la majina ya wagonjwa, hapana, hilo ni siri ya mgonjwa. Andika umri, kazi, mtaa, dalili, ulidhani nini, ikawa nini. Baadaye ukiitwa kwenye mahojiano ya MMed au feloshipu na ukaulizwa "kwa nini magonjwa ya kuambukiza" hutakuwa na jibu la kupapasa.

Hatua ya pili: jifunze kuuliza

Hapa ntakaa kidogo, manake hapa ndipo utaalamu wenyewe ulipo.

Chukua kijana wa miaka 28, ana homa wiki mbili. Amepita chemisti akapewa vidonge, akaenda kliniki ya mtaani akapimwa tone la damu akaambiwa "una malaria na taifodi", akadungwa antibayotiki ya ceftriaxone siku tatu, homa ikashuka ikarudi, sasa yuko kwako. Hii "malaria na taifodi" tumeizoea hadi imekuwa kama ugonjwa mmoja. Kile kipimo cha Widal cha kupimwa mara moja hakiwezi kukuambia mtu ana taifodi leo, kingamwili zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani au za bakteria jirani, na mimi naumia sana nikiona mtu amekunywa antibayotiki wiki tatu kwa ajili ya karatasi hiyo. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu, basi.

Sasa muulize. Kazi yako nini, na usitosheke na "fundi" au "biashara". Fundi wa nini, wapi, unashika nini. Mchinjaji wa ng'ombe na mbuzi ni tofauti na fundi wa simu. Dereva wa lori umemwuliza alilala wapi wiki tatu zilizopita? Maji mnakunywa ya wapi, ya mkokoteni, ya kisima, ya bomba? Maziwa je, na hapa taja maziwa ya ngamia kwa jina kabisa, manake mtu ukimuuliza "unakunywa maziwa mabichi?" atasema la, huku kila jioni anakunywa ya ngamia na kwake hayo ni dawa si maziwa mabichi. Homa ndefu, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na maziwa ya ngamia, hiyo ni brusela (ugonjwa wa bakteria utokao kwa mifugo) mpaka ithibitike vinginevyo. Umesafiri wapi, Garissa, Tana River, bara? Umeogelea au umefua kwenye bwawa? Umeumwa na mbwa au paka? Nyumbani nani mwengine anaumwa? Kuna mtu anakohoa? Umemeza nini tangu uanze kuugua, vidonge vyote, na vya mitishamba?

Halafu kuna maswali ya sitara na hapa Pwani yana adabu yake. Huwezi kumuuliza bi mkubwa mambo ya kitandani huku wifi zake wanne wamezunguka kitanda. Watume ndugu wakanunue maji ya kunywa, vuta pazia, kaa chini usisimame juu yake. "Shikamoo bi." "Marahaba mwanangu." "Bi, naomba nikuulize mambo ya ndani kidogo, nawauliza wote wanaolala humu, si wewe peke yako." Utashangaa atakavyokufungulia. Na kijana unayemshuku anajidunga usimwite teja, hata ukiwa na mwenzako kule koridoni usimwite hivyo. Mwambie, "Ndugu yangu mimi si polisi, nataka kujua dawa gani ikufae." Akikubali kwamba anajidunga, zile dalili zote zinageuka maana. Homa, kikohozi, madoa madoa kwenye eksirei ya kifua, ambayo kila mtu alikuwa ameshaandika TB, sasa yaweza kuwa ni vali ya upande wa kulia wa moyo imeshika staf (aina ya bakteria) na vipande vinarushwa mapafuni. Dawa za TB hazitamsaidia huyo hata chembe.

Hatua ya tatu: toa kalcha ya damu kama inavyotakiwa

Kalcha ni kuotesha damu ili kutafuta bakteria. Kuna ma-MO wazuri kabisa ambao hawajawahi kuonyeshwa hili jambo polepole, basi tulifanye polepole.

Kwanza, kabla ya antibayotiki. Mgonjwa akiwa anazidiwa hutachelewesha dawa kungoja chupa, lakini kutoa damu ni dakika chache, na muuguzi anaweza kuwa anatayarisha dawa wakati wewe unatoa. Kusanya vitu vyote kwanza: chupa za kalcha, glavu, pamba za spiriti, klorheksidini, sindano, mpira wa kufungia mkono. Toa vifuniko vya juu vya chupa na upanguse ule mpira kwa spiriti, wengi husahau wakidhani ukiwa chini ya kifuniko ni msafi. Utafute mshipa, uupate, ndipo usafishe ngozi. Uache ukauke wenyewe kama nusu dakika, usiupepee kwa mkono wala kuupuliza. Ukishasafisha usirudishe kidole kuupapasa tena, hapo ndipo bakteria wa ngozi wanapoingia kwenye chupa na kesho mtu anatibiwa antibayotiki ya vankomaisini bila sababu.

Kiasi: kwa mtu mzima mililita 8 hadi 10 kila chupa. Hii ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi. Mililita mbili haitoshi, bakteria kwenye damu ya mtu mzima mara nyingi ni wachache sana, ukitoa kidogo unawakosa. Chukua seti mbili, kutoka mikono miwili tofauti. Seti mbili zina faida nyingine, wale staf wa kawaida wa ngozi wakiota kwenye chupa moja peke yake huenda ni uchafu, wakiota kwenye zote inabidi ufikirie tena. Usitoe kwenye kanula iliyolala mkononi tangu juzi.

Andika kwenye chupa jina, saa, mkono gani, na kwenye fomu andika dawa alizokwisha tumia na unachokishuku. Kisha zipeleke maabara mara moja. Usiziweke friji! Nasema hivi manake ipo tabia, usiku maabara imefungwa basi chupa zinaingizwa friji pamoja na insulini. Bakteria wengine hawaistahimili baridi hiyo. Ziache kwenye joto la kawaida mpaka asubuhi, na maabara ikifunguliwa uwe wa kwanza mlangoni.

Hapo karibu, Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilichoanza 1989 kwenye uwanja wa hospitali ya Kilifi kiliamua tangu 1998 kuotesha damu ya karibu kila mtoto anayelazwa. Hiyo kazi ndiyo iliyoonyesha wazi jinsi bakteria wanavyowaua watoto kwenye hospitali ya wilaya ya Afrika, pale ambapo kila homa ilikuwa inaitwa malaria. Kitendo kile kile kidogo cha mshipa na chupa, kikifanywa kila siku bila kuchoka. Kilifi ni mwendo wa matatu tu, ukipata nafasi ya kushikizwa pale hata kwa muda mfupi, nenda, wana mafunzo ya utafiti kwa vijana na hutarudi ulivyokwenda.

Hatua ya nne: shuka maabara

Daktari wa maambukizi asiyejulikana maabara hajakamilika. Shuka kila siku, hata dakika kumi. Msalimie fundi wa maabara kwa jina, muulize nini kimeota leo, mwombe akuonyeshe slaidi ya rangi ya Gram, ile rangi inayotofautisha makundi ya bakteria. Jifunze kutofautisha mwenyewe zambarau za mviringo zilizojikusanya, zambarau zilizojipanga kama ushanga, na vijiti vya waridi. Jibu la Gram linaweza kupatikana siku moja au mbili kabla ya jina kamili la bakteria, na mgonjwa aliye hoi siku moja ni kubwa.

Na wewe pia mpe fundi habari. Ukishuku brusela mwambie kabla, huyu mdudu huambukiza watu wa maabara kirahisi wakifungua sahani ovyo. Ukishuku kipindupindu mwambie ili aweke kinyesi kwenye chakula cha kuoteshea bakteria kinachofaa. Ukishamzoea atakupigia simu kabla ya ripoti kuchapwa, na hapo utaonekana mtaalamu mbele ya watu huku siri ni kwamba unajua kusalimia.

Hatua ya tano: kuomba MMed

Anza mwaka mzima kabla. Chuo Kikuu cha Nairobi, Moi kule Eldoret, Aga Khan, wote wana MMed ya magonjwa ya ndani. Mahitaji yanakaribiana: shahada, cheti cha intani, usajili wa KMPDC na leseni ya mwaka huo, barua za wanaokujua kikazi, kwingine mtihani au mahojiano. Barua za wanaokujua ziombwe kwa daktari bingwa aliyekuona ukifanya kazi, si kwa mkubwa mwenye cheo ambaye hata uso wako haukumbuki.

Pesa. Hili ndilo linalowaangusha watu. Ukiwa umeajiriwa na kaunti, unaomba likizo ya masomo yenye mshahara na unatia sahihi kwamba ukimaliza utarudi kuitumikia kaunti kwa muda fulani. Usome huo mkataba mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi: unarudi miaka mingapi, ukivunja unalipa nini, na kama kozi ikirefuka kwa sababu ya mgomo au tasnifu kuchelewa mshahara unaendelea au unakatwa. Ombi lipitie kwa mkuu wako wa idara mapema, lifike kwenye kamati ya mafunzo kabla bajeti haijafungwa, na uweke nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Barua hupotea. Ukiwa huna ajira, utajilipia karo na kuishi Nairobi bila mshahara, na kuna wanaofanya lokamu (kazi za muda) usiku na darasa mchana, mimi siwezi kumshauri mtu hivyo kwa moyo mweupe, anachoka na mgonjwa anaumia. Tafuta kwanza ajira au programu inayowalipa marejistra wake, yaani madaktari wanaosomea MMed.

Njia nyengine ni ECSACOP, chuo cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha kanda yetu ya mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Huko unasomea kwenye hospitali iliyoidhinishwa ukiwa kazini. Ni nzuri kwa mwenye familia. Ila kabla hujajiandikisha uliza mambo mawili kwa maandishi: hospitali yako imeidhinishwa kwa sasa, na feloshipu unayoilenga baadaye inakikubali cheti hicho.

Tasnifu: ichague inayohusu maambukizi na ikusanye data nyumbani Mombasa kama chuo kitakubali. Mada ndogo inayomalizika ni bora kuliko kubwa inayokufa. Antibayotiki zinaandikwaje wodini kwenu, kalcha ngapi zilitolewa kabla ya dawa, wenye HIV ambao CD4 (hesabu ya seli za kinga) iko chini ya 200, wangapi walipimwa kriptokokasi (kuvu anayeshambulia ubongo). Hizo zamalizika.

Hatua ya sita: ukiwa rejistra

Utazunguka moyo, figo, ICU, kila mahali, na usidharau hata mahali pamoja. Lakini kwa njia yako hii kuna magonjwa matatu uyajue hadi ukiamshwa usiku wa manane hutetereki.

La kwanza, homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi kwa mwenye HIV. Mwongozo wa WHO wa 2022 unasema amfoterisini ya liposomu dozi moja tu ya miligramu 10 kwa kilo, pamoja na flusaitosini na flukonazoli ya miligramu 1200 kwa siku wiki mbili. Lakini kinachookoa maisha siku zile za mwanzo ni presha ya maji ya uti wa mgongo. Pima kila unapochoma, mgonjwa akiwa amelala ubavu. Ikizidi sentimita 25 za maji, toa maji mpaka ishuke chini ya 20 au ifike nusu, na rudia kesho yake akiendelea kuumwa kichwa. Ndugu wataogopa, Mombasa kuna imani kwamba ukichomwa mgongo unapooza, kwa hivyo kaa nao uwaeleze kwamba maji yale ndiyo yanayomkandamiza ubongo. Na dawa za HIV usizianze siku hiyo, ngoja wiki 4 hadi 6.

La pili, staf orias, staf aliye hatari zaidi, kwenye damu. Ikitoka kwenye kalcha usiseme ni uchafu, hata chupa moja. Rudia kalcha mpaka zitoke safi, fanya eko (picha ya mawimbi ya sauti) ya moyo, tafuta ilikotoka: jipu, kanula, mfupa, kiungo. Kama inasikia kloksasilini au sefazolini badilisha uende huko, usibaki na ceftriaxone kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye trei. Siku za matibabu zihesabiwe tangu kalcha ya kwanza iliyo safi, si pungufu ya 14, na ikiwa imesambaa ni wiki 4 hadi 6.

La tatu, homa ya Pwani ambayo si malaria. Dengi hasa. Wengi hupumua homa ikishuka, na hapo ndipo dengi inapogeuka. Kati ya siku ya 3 na ya 7, homa ikipoa huku tumbo linauma, anatapika bila kukoma, fizi zinatoka damu, amelegea, huyo usimruhusu kwenda nyumbani. Na mkataze diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, mpe paracetamol. Nimetaja diklofenaki kwa sababu ndiyo sindano ya kwanza anayodungwa mtu wa homa kwenye mitaa yetu.

Hatua ya saba: feloshipu yenyewe

Chuo Kikuu cha Nairobi na Aga Khan wana feloshipu ya magonjwa ya kuambukiza. Nafasi ni chache mno, andika barua pepe mapema uulize lini wanafungua. Kwenye hiyo miaka 2 utakuwa ni mtu wa kuitwa. Wodi ya upasuaji ina kidonda kisichopona, wanakuita. ICU ina klebsiela (bakteria) inayokataa meropenemu, antibayotiki kali, wanakuita. Utakaa pia kwenye benchi la maabara, kliniki ya HIV iliyokataa dawa, wodi ya TB sugu ambako siku hizi kuna matibabu ya miezi 6 ya BPaLM (dawa nne kwa pamoja) yaliyopendekezwa na WHO tangu 2022, na kamati ya kusimamia antibayotiki.

Unavyojibu wito ndivyo utakavyoaminiwa. Usiandikie kwenye faili ukiwa hujamgusa mgonjwa. Nenda, muulize upya maswali yote ya hatua ya pili hata kama yameandikwa, mvue bandeji utazame kidonda mwenyewe, tazama chati ya dawa yenyewe si ile iliyoko kwenye noti, utakuta dozi tatu hazikutolewa manake dawa iliisha na ndugu walikuwa bado hawajainunua. Kisha andika kwa ufupi: nadhani ni nini, kwa nini, toa sampuli hii, toa dawa hii kwa siku hizi, acha ile, ntarudi kesho. Hilo la mwisho ndilo zito. Rudi kesho. Kalcha ikitoka, punguza dawa hadi ile nyembamba inayotosha.

WHO imezigawa antibayotiki mafungu matatu tangu 2017: za kuanzia, za kuangaliwa, na za akiba. Amoxicillin iko fungu la kwanza, ceftriaxone la pili, kolistini la tatu. Jitengenezee tabia ya kujiuliza kila unapoandika, hii iko fungu gani na je ya fungu la chini haitoshi? Na unapomwambia daktari wa upasuaji aache dawa, mwambie kando, si mbele ya wanafunzi wake. Mpigie simu, "Daktari, nimemwona mgonjwa wako, naona tunaweza kusimamisha kesho, waonaje?" Ukimwaibisha mara moja hatakuita tena, na anayeumia ni mgonjwa.

Jilinde wewe mwenyewe

Chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi 3, umalize kabla ya intani na upime kama imeshika. Ukijichoma sindano, osha kwa maji na sabuni, usikamue, ripoti saa hiyo hiyo. Dawa za kinga ya HIV zianzwe mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na ni siku 28 bila kuruka. Kwenye wodi ya TB vaa barakoa ya N95 inayokaa usoni vizuri, ya upasuaji haikulindi, na fungua madirisha, upepo wa bahari tumepewa bure. Ukikohoa wiki mbili jipime. Wauguzi wetu na madaktari wetu wameugua TB kwa kuona aibu kujipima.

Njia za nje

Ukipata nafasi ya miezi 3 tu, diploma ya tiba ya tropiki na usafi ina thamani, na ile ya Afrika Mashariki inayoongozwa na chuo cha London hufanyika Moshi na Kampala, huna haja ya kupanda ndege ya Ulaya. Afrika Kusini feloshipu ni miaka 2 juu ya ubingwa wa magonjwa ya ndani. Uingereza lazima upite kwanza MRCP, mitihani yao ya madaktari wa magonjwa ya ndani. Marekani ni kuanza upya: mitihani yao, miaka 3 ya magonjwa ya ndani, kisha 2 ya maambukizi. Wanaokwenda nawaombea kheri, ila mjue huko dengi na kichocho mtavisoma zaidi kuliko kuviona.

Ukirudi Mombasa

Utarudi na huenda usikute ofisi wala cheo kinachokungoja, utapewa kliniki ya kawaida ya magonjwa ya ndani. Usikasirike wala usikae. Panga raundi ya antibayotiki mara mbili kwa wiki, wewe, mfamasia, mtu wa maabara na muuguzi wa kuzuia maambukizi. Anza na wodi moja, ile ambayo dada msimamizi wake anataka. Mkizunguka, kwa kila mgonjwa swali ni moja: hii dawa ni ya nini na inaisha lini.

Halafu mtengeneze jedwali la usugu wa hospitali yenu, linaloonyesha bakteria gani wanakataa dawa gani. Chukueni matokeo ya kalcha ya mwaka mzima, kwa kila mgonjwa hesabuni bakteria wa kwanza tu wa aina hiyo asije mtu mmoja akahesabiwa mara tano, na aina ya bakteria ambayo haijapatikana kwa wagonjwa 30 msiipigie asilimia, namba zake hudanganya. Tenganisheni mkojo na damu. ICU iwe peke yake kama idadi inatosha. Likitoka liwe ukurasa mmoja, herufi kubwa, libandikwe pale pale muuguzi anapochanganyia dawa na daktari anapoandikia, kila wodi nakala yake, na picha yake iende kwenye simu za maintani wapya siku wanayoripoti. Mwaka ukiisha bandueni la zamani mbandike jipya.